Chanjo ya Malaria na Watoto wa Bonde la Kilombero: Historia na Mazingatio ya Kifiqhi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa maradhi na Muumba wa tiba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, liko suala ambalo maimamu wetu huulizwa baada ya sala, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini. Mzazi husema: Sheikh, mtoto wangu ni mzima, hana homa wala kikohozi. Naambiwa achomwe sindano ya kumkinga na malaria, na hao hao wanaoitoa wanakiri kuwa aliyechanjwa bado anaweza kuugua. Je, kumchoma mtoto mzima kwa ajili ya kinga isiyo kamili si upungufu wa tawakkul? Na je, si kwamba watoto wetu wanafanyiwa majaribio?

Suala hili lina upande wa fiqhi na upande wa historia, na upande wa kwanza haujibiki vyema bila ya wa pili. Mufti hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua hali yake. Na historia ya chanjo hii haikuandikwa Ulaya na Marekani peke yake. Kurasa zake muhimu ziliandikwa hapa kwetu, Ifakara na vijiji vyake, na walioziandika ni pamoja na akina mama waliowabeba watoto wao mgongoni mpaka zahanati ya Idete. Inafaa tuijue.

BONDE NA MARADHI YAKE

Bonde la Kilombero liko mkoani Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Kila masika mto hufurika, na uwanda wake ni miongoni mwa ardhi oevu kubwa za Afrika Mashariki. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wamelima mpunga humo kizazi baada ya kizazi. Maji yale yale yanayostawisha mpunga ndiyo yanayozalisha mbu. Tena wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, hukaa kwenye vibanda vya muda vilivyo mbali na zahanati, na watoto hulala humo pamoja na wazazi wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kuwa mkaazi wa Idete huumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria takriban mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Mtu mzima aliyekulia humo huwa amekwisha kujengeka kinga kwa kuugua mara nyingi, basi homa humpata na ikapita. Mtoto mdogo hana kinga hiyo. Yeye ndiye ambaye malaria humgeukia ikawa kali: damu hupungua mpaka viganja vikawa vyeupe, au vimelea hushambulia ubongo akapoteza fahamu na kukakamaa.

Wazee wetu waliiona hali hiyo ya kukakamaa wakaiita degedege, na wengi wakaitakidi kuwa ni mambo ya dege au shetani. Mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, na mama akaonywa asikubali mwanawe achomwe sindano, eti sindano itamuua. Ni watoto wangapi waliofia nyumbani kwa itikadi hiyo, Allah ndiye Ajuaye.

Utafiti wa maradhi haya bondeni una umri mrefu. Mwaka 1949 alifika Ifakara mwanazuoni wa elimu ya wanyama kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, na mwaka 1957 ikajengwa hapo maabara ya utafiti. Katika miaka ya 1990 kituo hicho kikawa mikononi mwa Watanzania, na tangu mwaka 2008 kinajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

DARAJA TATU ZA SABABU

Kabla ya kuendelea na historia, tuweke mizani ya kupimia. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111 Miladi) katika Ihya, kwenye kitabu cha Tawhidi na Tawakkul, amezigawa sababu zinazoondoa madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha hizi si tawakkul hata kidogo, na ikihofiwa mauti kuziacha ni haramu. Ya pili ni sababu za dhana yenye nguvu, na humo akazitia dawa zijulikanazo kwa matabibu pamoja na kuumika. Kuzitumia hizi hakupingani na tawakkul. Ya tatu ni sababu za kuwazika tu, zisizo na dalili ya kutegemewa, na mwenye tawakkul huziacha.

Humo humo Imamu akabainisha jambo ambalo wengi hulisahau. Mtu aliye peke yake ana hali yake, na mwenye kulea ana hali yake. Mtu anaweza kuikalifisha nafsi yake kusubiri juu ya njaa, lakini hana haki ya kuwakalifisha wale anaowalea. Kwa hiyo baba hawezi kuacha sababu ya kumkinga mwanawe kisha akaiita hiyo tawakkul, kwani nafsi inayowekwa hatarini si yake.

Ama kusema kwamba mtoto ni mzima na maradhi hayajamfika, jibu lake liko katika sira ya Sayyidna Umar (R.A.). Mwaka 18 Hijria (639 Miladi), akiwa njiani kwenda Sham, alipofika Sargh aliambiwa kuwa tauni imezuka huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamfahamisha kuwa wanaitoka qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia mbele ya bonde lenye pande mbili, moja ya malisho na moja kavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa qadari. Baadaye Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na uamuzi ule. Watu wale walikuwa wazima. Kujikinga kabla ya maradhi ndiyo maana ya kisa chote.

Sasa linabaki swali moja: tutajuaje kuwa sababu fulani iko daraja ya pili na si ya tatu? Moshi wa kinyesi cha tembo na chanjo ya maabara, vyote viwili vina watu wanaoviamini. Jibu la matabibu wa Kiislamu lilikuwa ni tajriba, yaani kujaribu kwa utaratibu. Abubakar Razi (aliyefariki takriban mwaka 313 Hijria, 925 Miladi) alipotaka kujua kama kutoa damu kunawafaa wagonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu baadhi yao na kuwaacha wengine kwa makusudi, kisha akalinganisha. Ibn Sina naye katika Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kutumika Idete.

IDETE, 1993

Katika miaka ya 1980 mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo, alitengeneza chanjo ya malaria iliyopewa jina la SPf66, na ikasifiwa sana huko Amerika ya Kusini. Lakini malaria ya huko si kali kama ya Kilombero. Ulimwengu ukataka kujua: je, itamkinga mtoto wa Kiafrika anayeumwa na mbu kila usiku?

Usalama wake ulipimwa kwanza. Kisha mwaka 1993 jaribio likaanza kijijini Idete. Walioshiriki ni watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, kwa idhini ya wazazi wao. Kwa kura, watoto 274 walipewa chanjo na 312 wakapewa sindano isiyo na chanjo hiyo, dozi tatu kila mmoja. Wazazi hawakujua nani amepata nini, na wachomaji hawakujua. Mtoto aliyeugua, wa kundi lolote, alitibiwa. Miongoni mwa watafiti walikuwemo Pedro Alonso wa Uhispania, Marcel Tanner wa Uswisi, na Watanzania Andrew Kitua na Wen Kilama.

Mwaka 1994 matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet. Homa za malaria zilipungua kwa asilimia 31 kwa waliochanjwa. Dunia ilifurahi. Hata hivyo watafiti wenyewe waliandika pembeni ya hesabu hiyo kwamba, kwa uchache wa watoto, kinga halisi yaweza kuwa asilimia 52 na yaweza kuwa sifuri. Wangeweza kunyamaza juu ya sifuri ile.

Kwa hiyo wakapima tena. Gambia, mwaka 1995, chanjo haikuonyesha kinga. Thailand, mwaka 1996, haikuonyesha kinga. Kisha wakarudi Kilombero kwenyewe, wakawachanja watoto wachanga pamoja na chanjo zao za kawaida, watoto 1,207, na matokeo yaliyotoka mwaka 1999 yakawa yale yale: haikinga. SPf66 ikaachwa.

Hapa msomaji azingatie. Chanjo hii ilianza kama sababu ya dhana, na kupimwa ndiko kulikoishusha hadi daraja ya tatu. Waliokwishaitangulizia furaha walilazimika kuitangaza hasara, wakaitangaza. Na katika bonde lile lile, kwa kuhesabu kule kule, sababu nyingine zilipandishwa daraja. Vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, vilionekana mwaka 2001 kuongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Mwaka huo huo ilidhihirika kuwa watoto wachanga wa Ifakara waliopewa dawa ya SP walipokwenda kuchanjwa chanjo za kawaida walipungukiwa na homa za malaria kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza. Lau kama Idete wangepewa matumaini matupu bila ya hesabu, mama angemwacha mwanawe bila chandarua akitegemea sindano isiyomkinga.

MTOTO NA IDHINI YA MLEZI

Lakini je, ilijuzu kuwafanyia watoto jaribio lile? Hili si suala la kupuuzwa, na anayeliuliza hajakosa adabu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, ilitoa azimio kuhusu tiba. Ilisema kuwa tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kuangamia nafsi au kiungo, au madhara ya maradhi kuhamia kwa wengine. Ilisema kuwa idhini ya mlezi haizingatiwi inapokuwa na madhara dhahiri kwa anayelelewa. Na ikasema pia kuwa haijuzu kufanya utafiti wa kitiba juu ya wasio na uwezo wa kisheria, au wenye uwezo pungufu, hata kama walezi wao wameridhia. Mwaka uliofuata watoto wa Idete wakachomwa sindano.

Waliolikataza jambo hili wana hoja nzito. Mtoto hana kauli. Masikini hushawishika kwa kitu kidogo. Na historia ya utafiti duniani ina dhulma zilizofanywa juu ya mayatima na wafungwa. Upande wa pili kuna ukweli wa bonde hili: malaria kali ni maradhi ya mtoto, na mtu mzima wa Idete tayari ana kinga. Ukimjaribia yeye chanjo hutajua chochote kuhusu mtoto. Tukifunga mlango moja kwa moja, basi kila chanjo ya mtoto itatolewa ama bila kupimwa, jambo ambalo ni jaribio kubwa zaidi lisilo na hesabu, ama haitatolewa kabisa.

Rai ya mwandishi, na haikosi kasoro, ni kutofautisha. Utafiti unaombebesha mtoto madhara kwa faida ya wengine ndio uliokatazwa, na idhini ya baba haiuhalalishi. Ama ule ambao usalama umetangulia kupimwa kwa wakubwa, ambao maradhi yake ni ya mtoto mwenyewe, ambao anatarajiwa kunufaika nao na hanyimwi tiba akiugua, huo uko karibu zaidi na tiba kuliko utafiti, na maslaha ya mtoto ndiyo yanayompa mlezi haki ya kuidhinisha. Mwaka 2006, huko Amman, Majmaa ililirudia suala la utafiti wa kitiba juu ya binadamu kwa kuuwekea vidhibiti. Wanafunzi wetu wa fiqhi wayasome maazimio yote mawili pamoja.

KUTOKA IDETE HADI BAGAMOYO

Wakati SPf66 inaachwa, chanjo nyingine ilikuwa inakuja, RTS,S, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1987. Haina kimelea hai wala kilichokufa. Ndani yake mna kipande cha protini ya gamba la kimelea cha malaria katika umbo analoingia nalo mwilini kutoka kwa mbu, kilichounganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini. Mwili huijua alama hiyo, ili kimelea akija apigwe kabla hajalifikia ini. Basi si kweli kwamba mtoto anatiwa malaria.

Pedro Alonso yule yule wa Idete aliijaribu Msumbiji, na mwaka 2004 akatangaza kuwa imepunguza malaria kali. Taasisi ya Ifakara, katika tawi lake la Bagamoyo na chini ya Dk. Salim Abdulla, iliwachanja watoto wachanga 340, na mwaka 2008 ikaonyesha kuwa inaweza kutolewa kwa usalama pamoja na chanjo nyingine. Kisha mwaka 2009 likaanza jaribio kubwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, lenye watoto 15,459.

Matokeo kamili yalitoka mwaka 2015. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 na malaria kali kwa asilimia 32 katika muda wa takriban miaka minne. Wasiopata dozi ya nne hawakuonekana kupata kinga ya malaria kali kwa muda huo wote. Tena watafiti walieleza jambo lililowatia shaka: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya watoto wa kike vilionekana zaidi. Shaka hiyo haikufichwa. Kwa sababu yake chanjo haikuenezwa mara moja, bali kuanzia mwaka 2019 ilitolewa kwa kufuatiliwa Malawi, Ghana na Kenya, ambako ilizinduliwa Homa Bay. Ufuatiliaji ulionyesha kuwa madhara yale hayakutokana na chanjo, na kwamba vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiacha vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

Ya pili, R21, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford na kuzalishwa India, ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 pale ilipotolewa kabla ya msimu wa maradhi, na kwa asilimia 68 katika vituo vya malaria ya mwaka mzima, vikiwemo Kilifi na Bagamoyo. Ilipendekezwa Oktoba 2023. Tangu hapo zaidi ya nchi ishirini za Afrika zimeanza kutoa chanjo za malaria, Uganda ikianza Aprili 2025.

LINALOMPASA MLEZI

Sasa turudi kwa muulizaji wetu. Chanjo hii, kwa mizani ya Imamu Ghazali, si sababu ya yakini, na anayesema inazuia malaria yote ameongopa. Lakini si ya kuwazika pia. Ni sababu ya dhana yenye nguvu, na nguvu hiyo imepimwa kwa maelfu ya watoto wa nchi hizi. Maradhi yenyewe, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, yaliua watu 597,000 mwaka 2023, na takriban wote walikuwa Afrika, robo tatu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wameiona tiba kuwa ni Sunna kwa mtu na nafsi yake. Ama kwa mlezi, aliyepewa nafsi ya mwingine kuwa amana, jambo hili ni zito zaidi, na kuliacha bila udhuru halina njia katika tawakkul.

Basi imamu anayeulizwa, chanjo inapofika kwenye zahanati ya kijiji chake, amwambie mzazi mambo manne. Ampeleke mtoto na akamilishe dozi zote, kwani aliyeishia njiani amejinyima sehemu kubwa ya faida. Asikiondoe chandarua, kwani sababu moja haifuti nyingine. Mtoto akipata homa, awe amechanjwa au hakuchanjwa, apimwe haraka, na akikakamaa akimbizwe hospitali. Na aulize bila woga anachochomwa mwanawe, kwani kuuliza ni haki ya mlezi na kujibu kwa ukweli ni wajibu wa mtabibu.

Watoto wale 586 wa Idete leo ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu, na wengine wao wana watoto. Chanjo waliyochomwa haikuwafaa, ila kwa kuhesabiwa kwao watu walijua isitegemewe, na njia ya kupima waliyoijenga ndiyo iliyowapimia watoto wa Bagamoyo. Elimu inayonufaisha ujira wake haukatiki. Tunamwomba Allah (S.W.) awaandikie ujira huo wao na wazazi wao, awarehemu watoto waliotangulia mbele ya haki kwa malaria katika bonde hili, na awaponye walio vitandani. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.